Shajara ya mradi: ramani ya mimea, kutoka Mida mpaka ndani ya Arabuko-Sokoke

FEBRUARI, kaskazi bado inapuliza

Haya, tumeanza rasmi. Kazi yenyewe kwa ufupi ni hivi: tunatoka mikokoni Mida, hapa Kilifi pwani ya Kenya, tunavuka barabara ya Mombasa-Malindi, tunaingia msitu wa Arabuko-Sokoke na tunasonga magharibi mpaka kule mchanga unapogeuka mwekundu, na kila tunapofika tunaandika ni mimea gani inakaa pamoja, nani amefunika nani, na wanaishia wapi. Wote ni wa kujitolea, posho hakuna, nauli ya matatu kila mtu na mfuko wake na chai tunachanga.

Nikiwaambia watu wananiuliza, kwani miti ya huko si ishaandikwa zamani? Ishaandikwa, tena sana. Msitu wenyewe ni karibu kilomita za mraba 420, na watafiti wameugawa kitambo mafungu matatu: msitu mchanganyiko upande wa mashariki, msitu wa mti wa mrihi katikati kwenye mchanga mweupe, na wa mti wa mfunda upande wa magharibi kwenye mchanga mwekundu wa Magarini. Hiyo mwongozaji yeyote wa watazama ndege pale Gede atakwambia hata ukimwamsha usiku. Lakini mafungu matatu kwa msitu mkubwa hivo ni kama kusema Mombasa ina watu wa aina tatu. Ukiingia kwa miguu unakuta fungu moja lina sura kibao, na mahali fungu moja linapokutana na lingine hapana mstari wowote, kuna vuta nikuvute ya mita mia na zaidi.

Kwa hivo sisi hatutafuti mti mpya, hili nimelirudia mpaka wenzangu wamechoka nami. Orodha ya miti na ramani ya jamii za mimea ni vitu viwili mbalimbali. Ukiniambia "hapa kuna mbambakofi" bado hujaniambia kitu, manake mbambakofi uko ndani ya msitu mchanganyiko na majirani zake wote, na mbambakofi uko pia peke yake katikati ya mahindi kule Msabaha kwa sababu mwenye shamba alipenda kivuli chake. Mti ni ule ule lakini ramani lazima iseme pale pa kwanza ni msitu na pale pa pili ni shamba.

Ruhusa ipo. Msitu unasimamiwa kwa pamoja na KFS (watu wa misitu), KWS (wanyamapori), Makumbusho ya Taifa na KEFRI (utafiti wa misitu), na pembeni kuna vyama vya jamii vya misitu, kwa hivo barua ilizunguka. Sharti tulilopewa ni kwamba hatukati hata tawi. Kukusanya sampuli za kukausha ni mpaka uwe na leseni ya utafiti, sisi ni picha, vipimo na maandishi tu, na ndani tunatembea na askari wa msitu kwa sababu kuna ndovu.

FEBRUARI, wiki za mwisho: fomu na ugomvi wa asilimia

Wiki hizi zote zimeishia kwenye fomu, na sioni aibu kusema kwamba ndio sehemu iliyonifunza zaidi.

Ploti yetu ni mita 20 kwa 20. Unafunga kamba, unaandika koodineti, aina ya mchanga, mteremko, kama kuna visiki au mitego, alafu unaangalia juu kwenda chini: miti mirefu, miti ya kati, vichaka, majani ya chini. Kila tabaka unaandika mmea gani umefunika sehemu gani ya ploti. Mti mkubwa tunapima unene wake kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka chini, hapo hakuna maneno, utepe ni utepe. Maneno yapo kwenye mfuniko. Tunatumia vipimo vya yule mtaalamu wa mimea Mswisi Josias Braun-Blanquet, vya tangu miaka ya 1920 huko: 5 ni mmea uliofunika zaidi ya robo tatu, 4 ni nusu mpaka robo tatu, 3 ni robo mpaka nusu, 2 ni asilimia 5 mpaka robo, 1 ni chini ya asilimia 5, na alama ya kujumlisha ni vile vichache ambavyo ungeweza kuvihesabu na vidole.

Mnaona ilivyo pana? Ndio uzuri wake. Mwanzo kila mtu alitaka kuandika asilimia kamili, mmoja anasema 35 mwingine 40, wanabishana chini ya mti nusu saa na mbu wanawamaliza. Kwa vipimo hivi wote wawili wameandika 3 na tunaendelea na safari. Mwenzetu mmoja ni karani wa duka, akajumlisha tabaka zote akapata zaidi ya mia, akakataa kusaini fomu walahi. Tukamwelewesha kwamba majani ya juu yamefunika mahali palepale ambapo vichaka vimefunika tena na nyasi zimefunika tena, kwa hivo mia inapita na ni sawa. Alikubali lakini naona bado roho haijatulia.

Jambo la pili ni wapi tuweke ploti. Hapa nilisimama imara. Ukiwaacha watu wachague, kila ploti itakuwa chini ya mti mzuri karibu na njia, na ramani yote itasema Kilifi nzima ni paradiso. Kwa hivo nukta zinatoka kwa kompyuta, tunagawanya eneo kulingana na mchanga na picha ya satelaiti, alafu inatupa nukta kwa bahati nasibu, na ukipewa nukta kwenye miiba unaenda kwenye miiba. Pakiwa pamekatwa unaandika pamekatwa. Ploti tupu nayo ni data.

Fomu iko kwenye simu, inafanya kazi bila mtandao, lakini nakala ya karatasi lazima. Pawabanki tunazo mbili tu na moja ni ya kuazima.

MACHI: mikoko ya Mida

Hapa ningeweza kuandika kurasa. Hori ya Mida haina mto unaoingia, maji baridi yanayofika pale yanapenya chini kwa chini kwenye mawe ya matumbawe, na mikoko imeizunguka karibu yote. Tunafanya kazi bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa sana) maji yakitoka, manake siku za maji mafu hayakimbii vya kutosha na unajikuta unaandika fomu na kiuno kiko ndani ya maji.

Pwani hii watu wa mikoko wanaijua jamii ya mimea bila kuiita hivyo. Muulize mvuvi yeyote, atakutajia toka baharini kuja juu: mlilana mbele kabisa unapigwa na mawimbi, kisha mkoko wenye mizizi ya magongo, ndani kidogo muia na mkandaa, juu kwenye chumvi mchu. Mkomafi huku na kule, kikandaa pembeni kabisa. Kenya nzima aina za mikoko ni 9 hivi, ndogo sana ukilinganisha na msitu wa nchi kavu, kwa hivo orodha unaimaliza asubuhi moja. Na ndio maana nilitaka tuanzie hapa, ili wenzangu waone kwamba orodha ikiisha kazi bado haijaanza.

Angalia mchu. Mchu unaupata mbele karibu na maji, mrefu, shina nene, umechanganyika na mlilana. Alafu unaupata tena juu kabisa nyuma ya mkandaa, kwenye kiwanja cheupe cha chumvi ambako bahari inafika bamvua tu, na hapo ni mfupi mpaka unaupita kwa kichwa, majani madogo, umesimama peke yake. Aina moja! Ukiandika "mchu upo" kwenye hizo ploti mbili kompyuta itakwambia zinafanana. Ukiandika urefu, mfuniko na majirani, zinatoka jamii mbili, na kwa mtu anayepanga kupanda mikoko hiyo tofauti ni pesa, manake kuna watu wanapanda mche wa mkoko mahali pa mchu wa juu na mwaka unaofuata hakuna kitu pale ila vijiti.

Mzee wa kutembeza wageni kwenye lile daraja la mbao alitukuta tukibishana kuhusu mpaka wa mkandaa. Akasema, "Wanangu, msiangalie majani, angalieni mizizi." Mlilana mizizi yake inachomoza minene kama pembe, mchu ni myembamba ya penseli, muia inakunja magoti, mkoko inajulikana. Toka siku hiyo ule mpaka wa mkandaa tunauona hata majani yakiwa yamekaa juu huko yanafanana.

Visiki tumeandika pia, na unene wake, kwa sababu ukubwa wa kisiki unakwambia mtu alikuwa anatafuta fito, pau au boriti. Hatukuuliza nani. Hiyo si kazi yetu.

APRILI mpaka MEI: mvua

Msituni hakuingiliki vizuri, kwa hivo tuko ndani na picha.

Picha za mimea tunapandisha iNaturalist, programu ya mtandaoni ambako watu wanasaidiana kutaja majina ya viumbe. Inasaidia kweli, kuna wataalamu wa mimea ya Afrika Mashariki wanakaa huko mbali wanakujibu usiku uleule. Ila someni sheria zake. Ili picha ifikie daraja la utafiti inataka tarehe, mahali, ushahidi, na zaidi ya theluthi mbili ya wanaotaja jina wakubaliane. Wenzangu msinikubalie jina langu kwa sababu tumekula pamoja! Kama hujui, usibonyeze. Na mti uliopandwa, ule mwembe wa nyuma ya nyumba, uweke alama kwamba umepandwa.

Kuna jambo la kuficha mahali. Mimea iliyo hatarini ile programu yenyewe inaificha ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, huku kwetu ni karibu kilomita 22 kila upande. Msitu wetu una Encephalartos hildebrandtii, ile inayofanana na mnazi mfupi na sio mnazi, watu wanaing'oa kwa ajili ya bustani. Kuna na muhuhu, ambao wachongaji waliumaliza sehemu nyingi. Muhuhu programu inaweza isiufiche, kwa hivo tumekubaliana sisi wenyewe kwamba miti mikubwa ya muhuhu picha zake hazipandi na koodineti kamili. Dada mmoja wa chuo alipinga, akasema data ikifichwa haina faida kwa mtafiti. Ana hoja. Lakini mtafiti anaweza kuandika barua akaomba, mwenye msumeno haandiki barua. Koodineti halisi ziko kwenye faili letu na nakala kwa wasimamizi wa msitu, basi.

JUNI: mawe ya Gede

Fupi. Tulifanya ploti chache kwenye msitu wa mawe karibu na magofu ya Gede (pale UNESCO ilipoweka kwenye urithi wa dunia 2024). Udongo ni kiganja juu ya jiwe la matumbawe, mizizi inatafuta nyufa. Mibuyu, mkwaju, mgurure, na mfune yenye shina jeupe refu mpaka shingo inauma. Hii ni tofauti kabisa na jamii ya kwenye mchanga ingawa ni mwendo wa dakika chache tu. Tatizo ni kwamba kipande kimekuwa kidogo, ploti ya mita 20 ikikaa pembeni nusu yake ni ua wa mtu. Tumeandika hivo hivo.

JULAI na AGOSTI: mchanganyiko, kisha mrihi

Sasa ndani. Upande wa mashariki mvua inafika kama milimita 1,000 kwa mwaka, huko kaskazini-magharibi inashuka mpaka karibu 600, na msitu unaisoma hiyo tofauti hatua kwa hatua. Huku mashariki ndio mbambakofi, mgurure, mtandarusi. Mtandarusi ndio ule wa sandarusi, utomvu ambao zamani ulikuwa biashara kubwa ya pwani hii kwenda kutengeneza vanishi ng'ambo, sasa mtoto wa hapa ukimwonyesha tone la sandarusi kwenye gome anauliza kama ni plastiki.

Kisha mrihi. Unatoka kwenye giza unaingia mahali peupe, jua linafika chini, miti imeachana, nyasi zipo, mchanga mweupe kama haujawahi kulisha kitu. Ndege nao wamebadilika, juu vileleni kuna makundi ambayo kule nyuma hayapo. Kwera wa Clarke anategemea hii mirihi, hapa na kule Dakatcha upande wa Marafa, duniani hana kwingine anakojulikana. Kwa hivo ukichora mrihi sawasawa umechora na nyumba yake.

Mpaka ndio ulitupa kazi. Kompyuta inataka mstari. Tulitembea toka mchanganyiko kwenda mrihini na ploti ndogo ndogo zimefuatana, tukakuta sehemu mrihi ndio mrefu juu lakini chini yake vichaka ni vile vile vya mchanganyiko, sio nyasi. Hiyo utaiita nini? Mzee wetu wa miti, ambaye hana simu ya kubonyeza na anatembea mbele na panga ambalo haruhusiwi kulitumia, alisimama mahali akasema, "Hapa mrihi haujaanza bado, huo ni mgeni tu." Nikamuuliza, baba umejuaje na mti ni huo hapo? Akakwaruza mchanga na kidole cha mguu. Juu mweupe, chini kidogo tu wa kijivu. Tukaangalia ploti zetu tukakuta safu ya udongo tulikuwa tunaijaza kwa kuangalia juu juu tu kama fomu ilivyotaka. Kuanzia hapo kila ploti inachimbwa shimo la kiganja kimoja, na ule ukanda wa katikati tumeupa jina lake kwenye ramani, "mrihi juu ya vichaka". Sio mstari tena, ni eneo lenye upana, na kwangu hilo ndio jambo kubwa ramani hii itaongeza.

SEPTEMBA: mfunda

Hapa watu wawili wameacha mradi na siwalaumu. Mfunda ni zaidi ya nusu ya msitu wote, umesongamana, mita 20 za kamba zinakula saa nzima, joto limesimama. Mchanga mwekundu unaingia mpaka kwenye daftari. Wageni wa ndege wanakuja huku kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, urefu kama sentimita 17, humu anakaa kwenye mfunda hasa, na wakishampiga picha wanaondoka. Sisi tunabaki na shina zake.

Ndovu wamefungiwa na ua wa umeme, kwa hivo wanazunguka humo humo. Kuna ploti mfunda wote umevunjwa kimo cha kifua, chini yamechipuka machipukizi mengi. Dada wa chuo anasema hiyo ni jamii nyingine. Mimi nasema ni jamii ile ile imeumia. Tukaongeza safu moja ya "hali", na tukaacha jina la jamii kama lilivyo, mpaka tuone baada ya mvua mbili tatu kama inarudi.

Kuhusu satelaiti: tunatumia picha za bure za Sentinel-2, kila kiboksi ni mita 10 kwa 10. Picha za baada ya masika hazifai, kila kitu ni kijani na nusu ni mawingu. Za Februari ndio mfunda unajitenga na mchanganyiko, manake ule mkavu unapauka kwanza. Bado picha pekee haikuweza kutenganisha mfunda uliovunjwa na kichaka cha pembeni ya shamba, kwa satelaiti vyote ni kijani duni. Bila watu wa kamba ile ramani ingepaka rangi moja.

OKTOBA: mkilifi na kikao cha kijiji

Mkilifi, au mwarobaini kwa wale wa bara, umetutoa jasho. Umetoka Asia, ndege na popo wanakula tunda wanamwaga mbegu, na sasa pembeni mwa msitu na kwenye mawe kuna ploti mkilifi umepata 4 peke yake. Wengine walitaka tuuache nje ya ramani kwa sababu sisi ni mradi wa mimea ya asili. Nimekataa kabisa. Ukiupaka rangi ya msitu umedanganya, ukiacha tupu umedanganya pia. Umepata rangi yake.

Tulipopeleka ramani ya kwanza kwa wazee na vijana wa kijiji, swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Sasa mnataka tuukate?" Mama mmoja akasimama akasema mkilifi ni dawa yake, kivuli chake na kuni zake, na kaka yake anachonga vinyago Malindi kwa mkilifi tangu muhuhu uwe shida kupatikana. Ni kweli, wachongaji wengi wamehamia huko na hilo limeupunguzia muhuhu msumeno. Kwa hivo kijijini ubaki, ndani ya msitu na kwenye kaya (misitu ya kimila ya Wamijikenda) ndio shida, na wao wenyewe wakatuonyesha kwenye ramani sehemu tatu ambazo mkilifi umeingia na kompyuta haijatupa nukta. Tumeziongeza na alama kwamba zimetoka kwa wenyeji, sio bahati nasibu, ili mwenye kufanya hesabu asizichanganye.

Pia wamedai majina ya Kigiriama yaje mbele na ya Kilatini yafuate. Imefanyika.

Kilichobaki: ploti za kaskazini-magharibi zote, ambazo tunataka kuzimaliza kabla vuli haijakolea, na kurudia chache za mikoko bamvua ijayo na watu tofauti ili tuone kama wataandika namba zile zile. Kamba ya pili imekatika, mwenye nyingine ya mita 20 isiyovutika alete. Anayetaka kuja Jumamosi tunakutana kituo cha msitu Gede saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu vya kufunika, nguo ya mikono mirefu, maji lita tatu, na panga acha nyumbani.